Hodi Tatu za Wizara

Iko nchi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu watu wake wana haya na hawapendi kusemwa mbele ya wageni. Nitasema tu kwamba serikali yake ilikuwa na moyo mzuri. Nalisema hilo mapema ili msomaji asinielewe vibaya huko mbele.

Siku moja serikali hiyo iligundua kwamba wako raia wasio na pa kulala. Iligundua kwa bahati, pale msafara wa Waziri uliposimama kupisha ng'ombe na Waziri akatazama nje ya dirisha. Alisikitika sana. Akaunda tume, na tume ikasafiri kwenda nchi za baridi kuona wenzetu wanafanyaje. Ilikaa huko mpaka baridi ikaisha. Iliporudi ilikuja na fundisho zuri, kwamba mtu asiye na nyumba hapewi nyumba moja kwa moja, maana anaweza kushtuka. Hupewa kwanza nyumba ya mpito, azoee kuta, azoee mlango, ndipo asogezwe mbele.

Ikaundwa Wizara ya Makazi ya Mpito, na ujenzi ukaanza. Palikuwa na tatizo dogo. Ili kujenga nyumba ya wasio na nyumba kilihitajika kiwanja, na kiwanja pekee kilichofaa, kando ya barabara kuu ambapo wageni wangekiona, kilikuwa na nyumba za watu. Zikabomolewa. Siku ya kuweka jiwe la msingi Waziri alilieleza jambo hilo vizuri. Alisema, "Mradi usio na walengwa ni mradi mfu. Sisi, ndugu wananchi, tumeanza na walengwa."

Watu walipiga makofi, isipokuwa walengwa, ambao mikono yao ilikuwa imeshika vyombo.

Miongoni mwao walikuwamo Mzee Mwinshehe, fundi wa magodoro, na mkewe Bi Sikudhani. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na uani, na kando ya mlango palikuwa na kichaka cha mchaichai ambacho Bi Sikudhani alikipanda mwaka alioolewa. Walihamia kwenye baraza ya posta ya zamani, jengo lililofungwa na kusahauliwa. Wakatandika jamvi, wakatundika khanga kwenye kamba ikawa pazia, na mbele ya pazia Bi Sikudhani akawa anafagia kila asubuhi kama alivyokuwa akifagia kwake.

Mzee Mwinshehe alikuwa na kifua. Daktari wa zahanati alimpa dawa, lakini akamweleza mkewe kwamba dawa ile haifanyi kazi juu ya sakafu yenye maji, na baraza ile ilikuwa ikiingia maji kila mvua iliponyesha. Akamwambia amtafutie mumewe chumba kikavu kabla ya masika. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia utafute ndimu.

Chumba kikavu kilikuwa kimoja tu katika mji ule ambacho mtu kama yeye angeweza kukiomba. Kilikuwa katika Nyumba ya Mpito, pale pale palipokuwa uani kwake.

*

Sasa nieleze utaratibu, maana bila utaratibu mambo haya hayaeleweki.

Jengo lilipokamilika lilizuka swali. Serikali itamjuaje mtu ambaye kweli hana nyumba? Nchi za baridi hutazama bili za maji. Katika nchi ile hata wenye nyumba hawakuwa na maji. Tume ikajifungia hotelini kando ya ziwa kulitafakari swali hilo. Lilipatiwa jibu siku ambayo mhudumu aliyeleta vitafunio alisimama nje ya ukumbi akapiga hodi, na mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia akaitikia karibu kabla hajafumbua macho.

Kila mtu aliyelelewa katika nchi ile anajua kwamba nyumbani kwa mtu hakuingiwi bila hodi. Hodi hupigwa mara tatu. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa, hapana mwenyewe, unakwenda zako. Basi Wizara ikaamua kwamba mkaguzi atakwenda mahali anapolala mwombaji na kupiga hodi tatu. Akiitikiwa, hapo ni nyumbani kwa mtu, na mwombaji ana nyumba. Asipoitikiwa, hapo si nyumbani kwa yeyote, na mwombaji atapokewa siku ile ile.

Waziri alikisifu sana kipimo hicho. Hakikuhitaji mashine wala mtaalamu wa kigeni, na kilitokana na mila zetu wenyewe. Nami nikikifikiria kwa utulivu naona kilikuwa na mantiki yake. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba watu walikuwa na adabu.

Kwa hiyo wa kwanza kupokelewa walikuwa viziwi. Wakafuata walevi waliokutwa wamezima. Wakafuata watu wachache ambao wazazi wao hawakuwahangaikia. Waliobaki wote, kwenye madaraja, masokoni na kwenye mabomba makubwa ya maji yaliyongoja kufukiwa, waliitikia karibu, na kila aliyeitikia akahesabiwa kuwa ana nyumba. Muda si mrefu ikaonekana kwamba karibu nchi nzima ina nyumba. Ujumbe kutoka nchi jirani ulikuja kujifunza. Waziri aliwahutubia wakazi wapya wa Nyumba ya Mpito kwa saa nzima, na baadaye akawaambia waandishi kwamba hajawahi kukutana na wananchi wasikivu kama wale.

*

Mkaguzi wa eneo la posta ya zamani aliitwa Kasambala. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vipya vya serikali vilivyolia kila alipokanyaga. Wakaguzi wote walipewa viatu vya aina hiyo kutoka ghala moja, na vyote vililia.

Mara ya kwanza alifika mchana, jua likiwa kali. Akasimama mbele ya khanga.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Sikudhani kutoka ndani. "Karibu, pita."

Hakuwa amesahau sharti. Mwajabu, jirani yake wa barazani, muuza mayai ya kuchemsha, alikuwa amemweleza mara nyingi. Lakini neno lilitoka kabla yeye hajalitoa. Kasambala akabaki amesimama, hajui afanye nini, mpaka pazia likafunuliwa na mwanamke mtu mzima akamtazama kwa namna ambayo ilimfanya aviache viatu vyake nje. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akapewa kigoda. Mzee Mwinshehe akajikokota, akaegemea ukuta, akamwuliza habari za kwao na kama mama yake hajambo. Kasambala akasema mama yake ni marehemu. Mzee akampa pole, kisha ikaletwa chai ya mchaichai katika kikombe chenye kisahani, kikombe pekee chenye mkono.

Huwezi kukataa chai ya watu. Kasambala akainywa yote. Alipotoka nje akavaa viatu vyake, na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu akatoa taarifa kwamba pale pana nyumba, na kwamba wenyewe ni wakarimu.

"Bi mkubwa, mdomo wako huu utatuzika," Mwajabu alimwambia baada ya hapo. "Kijana anakuja kukuokoa, wewe unampa kigoda."

"Angesimama juani mpaka lini?"

"Mpaka hodi ya tatu! Ni pumzi ngapi hizo?"

Bi Sikudhani akakiri kwamba si nyingi.

Wakaanza mazoezi. Mwajabu alizunguka nje ya pazia akapiga hodi kwa sauti yake, na Bi Sikudhani akaitikia. Akapiga kwa sauti ya mwanamume, akaitikiwa. Akakaza koo na kupiga hodi kama afisa wa kodi, naye akakaribishwa apite, asijikwae kwenye ngazi. Mwishowe Mwajabu akasema kwa sauti nzito, "Hodi, mimi ni mwizi, nimekuja kuiba mayai ya Mwajabu," na kutoka ndani ikaja sauti ya Bi Sikudhani ikisema karibu, lakini Mwajabu mwenyewe hayupo. Walicheka mpaka Mzee Mwinshehe akacheka pia, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Bi Sikudhani akaushika upindo wa khanga aliyojifunga, akautia mdomoni, akauma.

"Ndiyo hivyo," Mwajabu akasema taratibu. "Uma hivyo hivyo. Siku hiyo pia, uma hivyo hivyo."

*

Mara ya pili Kasambala alikuja na shahidi wa kata, maana marudio yalihitaji shahidi. Shahidi alikuwa mtu mwadilifu aliyekuja na mwavuli wake.

"Hodi," akasema Kasambala.

Kimya. Nyuma ya pazia Bi Sikudhani alikuwa ameuma khanga, macho ameyafumba.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Shahidi akamtazama, naye akajifanya anapenga kamasi.

Kimya bado. Mwajabu, kwenye beseni lake la mayai, alikuwa amesimamisha mkono hewani na chumvi ikimwagika. Ilibaki moja.

Mzee Mwinshehe alikuwa na homa tangu alfajiri na alikuwa akilala na kuamka. Sharti analijua, amelisikia siku zote. Lakini mtu mwenye homa hurudi kule alikozoea kuwa, na yeye alikuwa amerudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, ambako hodi ya pili haikupata kupita bila jibu.

"Karibu, mwanangu," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kumsuta mkewe kidogo, "Sikudhani, mtu amesimama juani huko."

Mwajabu alimwahi shahidi, akamwambia kwamba alichosikia ni kikohozi. Shahidi alilifikiria jambo hilo kwa haki. Akajibu kwamba anavijua vikohozi vya aina nyingi, ila hajasikia kinachojua kuwa nje kuna jua. Bi Sikudhani akautoa upindo wa khanga mdomoni, ukiwa na alama za meno, akaukunjua juu ya goti na kuunyoosha kwa kiganja. Hakumgombeza mumewe hata kwa jicho. Mzee alimwuliza tu kama mgeni amekwisha pata chai.

*

Aliyeitikia mara mbili aliwekwa katika kipindi cha tafakari mpaka masika yaishe, ili apate nafasi ya kuitambua nyumba aliyo nayo. Masika yakaja. Sitayaeleza, kwa sababu kila mtu anajua maji huingiaje kwenye baraza isiyo na ukuta wa mbele. Bi Sikudhani alipanga matofali, juu yake mbao, juu yake mzee. Mwajabu alimpa beseni lake la mayai akingie tundu la dari, akawa anachemshia kwenye kopo la rangi.

Kasambala alikwenda wizarani. Alisubiri kwenye mabenchi mpaka walinzi wakamzoea, na hatimaye akamwona Waziri. Alimweleza habari ya kifua cha mzee yule. Akamweleza pia, kwa unyenyekevu, kwamba huenda mtu akasema karibu bila kuwa na nyumba, kwa kuwa tu amelelewa hivyo.

Waziri alimsikiliza kwa subira. Kisha akasema, "Bwana Kasambala, unataka serikali iwafundishe wananchi wake kukosa adabu?"

Kasambala akasema la, hataki hivyo.

"Basi tuko pamoja."

Na jambo lingeishia hapo, kama wafadhili wasingetangaza kwamba wanakuja kulitazama jengo. Walikuwa wameona picha, na walikuwa wameuliza kwa nini katika picha zote hamna mke na mume. Wizara ilihangaika. Ikaagiza wanandoa wapatikane upesi, kwa kufuata utaratibu, na Kasambala akasema anawajua. Akapewa ruhusa ya kukatiza kipindi cha tafakari. Wanasema alitoka pale wizarani akikimbia, na kwamba viatu vyake vilisikika mpaka getini.

Asubuhi ya pili yake alifika posta na shahidi. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita na maji yalikuwa bado yakichuruzika kwenye mabati. Mwajabu hakuwapo mahali pake, kopo lake limefunikwa. Mbele ya pazia pale panapofagiliwa kila siku palikuwa na majani yaliyoletwa na maji, wala hapakuwa pamefagiliwa.

"Hodi," akasema Kasambala.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Kasambala alijua mle ndani kuna mtu ameuma khanga, akamwombea kimoyomoyo aume kwa nguvu, na amzibe mdomo mzee wake kwa mkono. Akatazama mabati. Akavuta pumzi, na safari hii akasema kwa sauti kubwa, sauti ya mtu mwenye habari njema, shahidi asije akadai baadaye kwamba haikusikika.

"Hodi!"

Kimya.

Shahidi akakunja mwavuli wake akasema hongera, hawa wamefaulu. Kasambala akacheka. Kwa kuwa mtihani umekwisha, na kwa kuwa sasa hapakuwa nyumbani kwa yeyote, kisheria angeweza kuingia bila kuitikiwa. Akavua viatu vyake hata hivyo. Akafunua khanga.

Bi Sikudhani alikuwa ameketi juu ya matofali, na kichwa cha Mzee Mwinshehe kilikuwa mapajani pake, kimefungwa kitambaa cheupe kupitia chini ya kidevu, jinsi wanavyofungwa. Mwajabu alikuwa amekwenda kutafuta sanda. Mdomoni mwa Bi Sikudhani hamkuwa na khanga.

"Nilikusikia, mwanangu," akasema. "Zote tatu nimezisikia."

Kasambala akachuchumaa pale pale penye khanga.

"Alipokuwa akikohoa humu, nilijua nakukaribisha wapi. Leo sijui."

*

Wizara ilitenda haki. Utaratibu uliuliza kama mwombaji ameitikia au hakuitikia, wala haukuuliza kwa nini, na katika kaya ile wote wawili hawakuitikia. Wakapewa chumba cha wanandoa, chenye vitanda viwili. Wafadhili walipokuja walioneshwa vitanda. Katika hotuba yake Waziri alimtaja Mzee Mwinshehe kwa jina, akamwita mwombaji wa mfano, aliyejifunza kutokana na kosa lake la mwanzo na kuonyesha utulivu ambao angependa kuuona kwa wananchi wote. Hakuwa ameambiwa habari zote. Naamini angeambiwa angesikitika, kama alivyosikitika siku ile ya ng'ombe.

Chumba ni kikavu. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ni kweli. Mvua ikinyesha husikii hata tone. Chini ya dirisha, kwenye ufa kati ya ukuta na saruji ya njia, kimechomoza kichaka cha mchaichai, kwa sababu greda liliondoa nyumba lakini mizizi hailifuati greda. Bi Sikudhani hukata majani yake machache kila asubuhi na kuyatia kwenye chupa ya chai.

Iko sheria moja ya Nyumba ya Mpito ambayo nimechelewa kuitaja. Humo ndani hodi hairuhusiwi. Wizara iliona mbali. Mkazi akipigiwa hodi anaweza kuitikia karibu, na akiitikia karibu, basi amekwisha kuwa na nyumba, mpito wake umekamilika, na anatakiwa kutoka. Kwa huruma hiyo wahudumu wote husukuma mlango na kuingia. Husukuma asubuhi kufagia, husukuma mchana kuhesabu watu. Bi Sikudhani hujifunika upesi kila mara, na kuwauliza kama hawajambo, mara nyingine wakiwa wamekwisha toka.

Kasambala aliacha kazi ya ukaguzi, lakini viatu hakunyang'anywa. Siku za mapumziko huja. Hupita getini, hukata kona ya ujia, na huja kusimama mbele ya mlango wa Bi Sikudhani. Kusukuma mlango wa mtu mzima kama wahudumu hawezi, hakulelewa hivyo. Na kupiga hodi hawezi, maana anajua ataitikiwa. Bi Sikudhani mwenyewe alimwambia Mwajabu amfikishie salamu, kwamba asijaribu, kwa sababu yeye hataweza kunyamaza tena. Mara ile moja ilimtosha.

Basi husimama pale kimya, upande wake wa mlango.

Kwa ndani Bi Sikudhani huwa amekwisha visikia viatu tangu kwenye kona. Huinuka kitandani, hukipanguza kigoda kwa upindo wa khanga yake, hukisogeza karibu na mlango. Humimina chai katika kile kikombe chenye mkono, hukiweka juu ya kigoda, kisha huketi kwenye kitanda chake, mikono mapajani, akikitazama kitanda cha pili.

Baada ya kitambo viatu hulia tena, vikielekea getini. Bi Sikudhani huvisikiliza mpaka vinapotelea, halafu hukifunika kikombe kwa kisahani, chai isipoe.